Acheni Kufuta .m2, Someni Mti

Wasee, leo nina neno na waganga wa bildi. Wako kwa kila grupu ya makoda hapa Kenya. Mtu anaingia na skrinshoti ya makosa mekundu, mistari mia mbili, Maven imekataa, na projekti inatakiwa kesho asubuhi. Kabla hata mtu hajasoma mstari wa kwanza, mganga ameshajibu: "Futa .m2." Wa pili anaongeza: "Na uzime lapi, uwashe tena." Wa tatu: "Weka toleo la juu uone." Hakuna aliyeuliza kosa linasema nini. Dawa imetoka kabla ugonjwa haujatajwa.

Mimi nauita huo uganga, na sitaki kuulainisha. Unakula pesa zetu, unakula usiku wetu, na unatufanya tuonekane watu wa kubahatisha tukienda kutafuta kazi. Kusoma kosa na kusoma mti wa dipendensi ni ujuzi wa wiki moja. Hauhitaji digrii. Mimi mwenyewe niliacha chuo karo ilipogoma, na hakuna siku Maven imeniomba cheti kabla ya kunionyesha mti.

Kwa wageni, nielezee kwanza tuende pamoja. Ukiandika programu ya Java huandiki kila kitu mwenyewe. Unaazima. Unaazima maktaba ya kusoma JSON, maktaba ya kuongea na databesi, maktaba ya kuandika logi. Hizo ndizo dipendensi. Nazo zimeazima kwa wengine, na wale wengine wameazima kwa wengine tena. Maven na Gradle ndio makarani wa huo mkopo: unawapa orodha fupi kwenye pom.xml au build.gradle, wao wanakwenda Maven Central kuleta kila kitu. Maven inaweka mzigo kwenye stoo moja kwa lapi yako, ile folda ya .m2. Gradle ina stoo yake, .gradle. Halafu programu ikianza kukimbia, Java inapewa klasipathi, yaani orodha ya mahali pa kutafuta kila klasi inayohitajika.

Sasa sikia kwa nini "futa .m2" ni ushauri wa mtu mwenye faiba nyumbani. Projekti moja ya kawaida ya Spring Boot inaweza kuleta mamia ya faili. Ukiwa na projekti tatu nne, stoo yako ina mamia ya MB, wakati mwingine GB kadhaa. Ukifuta, zote zinarudi kwa njia ile ile zilizokuja: bando yako. Yaani kijana amekaa kwa bedsita, amenunua bando ya mwisho ya siku, na mtu kwenye grupu anamwambia aimwage yote kushusha tena vitu alivyokuwa navyo. Na ikiisha katikati, sasa ana shida mbili: kosa la kwanza na stoo iliyojaa nusu.

Na hapa ndipo uganga unapoanguka kabisa. Toleo likishawekwa Maven Central halibadilishwi. Hiyo ni sheria yao. Guava 32.1.3-jre ya leo ni ile ile ya jana na ya mwaka ujao. Kwa hivyo ukifuta faili nzima na kulishusha tena, unapata faili lile lile, herufi kwa herufi. Kama ugomvi ulikuwa kati ya matoleo mawili, ugomvi unakusubiri palepale, bando ndiyo imeenda.

"Lakini mimi nilifuta ikafanya kazi!" Najua. Tunafika hapo. Kuna hali mbili ambazo kufuta kunasaidia, na zote zina alama zake.

Ya kwanza, mtandao ulikatika katikati ya kushusha na faili likaingia likiwa limeharibika. Kompaila italalamika kwamba haiwezi kusoma JAR fulani na itakutajia njia yake kamili. JAR ni zip tu, na zip iliyokatwa mkia haifunguki. Hapo futa folda ya toleo hilo peke yake. Kama ni Guava, ingia .m2/repository/com/google/guava/guava, ufute folda ya toleo hilo. Ni MB chache. Umemaliza.

Ya pili, Maven ilijaribu kuleta kitu ikakikosa, ikakumbuka kwamba ilikikosa. Inaacha faili dogo lenye mwisho wa .lastUpdated, na kwa muda fulani haitajaribu tena hata kama mtandao umerudi. Ujumbe wake huwa unasema wazi kwamba kushindwa huko kumehifadhiwa kwenye stoo. Dawa yake ni herufi moja:

mvn -U package

Hiyo U inaiambia Maven iende ikaangalie tena. Hakuna kufuta. Na ukitaka kulinda bando wakati kila kitu kiko stoo tayari, kuna herufi nyingine:

mvn -o package

Hiyo inajenga bila kugusa intaneti hata kidogo. Ni watu wangapi kwenye grupu yako wamewahi kukwambia kuhusu hiyo o? Uliza leo uone kimya.

Sasa tuje kwa makosa yenyewe. Watu wanaogopa ile ngazi ndefu ya maandishi, na ninaelewa, inatisha. Lakini karibu kila mara jibu liko kwenye mstari wa mwisho unaoanza na Caused by. Shuka hadi hapo. Halafu tofautisha jina la kosa, kwa sababu majina haya si urembo, kila moja linasema jambo lake.

Chukua steji ya matatu. Makanga anaita, "Kevo! Kuja uendeshe gari!" Makanga ndiye Java, steji ndiyo klasipathi, Kevo ndiye klasi anayohitajika.

Kama hakuna Kevo yeyote kwa steji, hiyo ni ClassNotFoundException au NoClassDefFoundError. Mara nyingi ile ya pili ina maana kwamba wakati wa kukompaili Kevo alikuwepo, lakini wakati wa kukimbia ametoweka. Ukiona hiyo, angalia skopu kwanza. Je, uliandika provided? Provided inamaanisha "usibebe hii, seva itakuwa nayo." Kama seva haina, Kevo hayupo. Je, uliandika test? Basi Kevo ni wa testi tu, hapandi gari la kweli.

Kama Kevo amekuja lakini anasema hajui kuendesha, hiyo ni NoSuchMethodError. Hii ndiyo inayoliza watu wazima. Maana yake klasi imepatikana, ila ni ya toleo lingine, si lile ulilokompaili nalo. Kwa steji kulikuwa na Kevo wawili, na Java haihoji. Inamchukua wa kwanza anayegeuka. Klasipathi husomwa kwa mpangilio, wa kwanza kupatikana ndiye anayepanda.

Na kama Kevo amekuja, anajua kuendesha, lakini anabonga Sheng mpya ambayo makanga hajawahi kuisikia, hiyo ni UnsupportedClassVersionError. Kodi imekompailiwa na Java mpya kuliko ile inayoikimbiza. Kosa lenyewe linakupa namba: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Ukiona 61 na mashine inasema inajua hadi 55, jibu tayari unalo. Andika mvn -v uone Maven inatumia Java gani. Mara nyingi utakuta ile ya IntelliJ ni 17 na ile ya terminali ni ya zamani, ndiyo maana "kwa IDE inafanya kazi, kwa terminali inakataa." Hakuna jini hapo. Ni Java mbili kwenye lapi moja.

Makosa matatu, maana tatu, dawa tatu. Sasa niambie "futa .m2" ilikuwa inatibu ipi kati ya hizo.

Twende kwa ile ya NoSuchMethodError kwa sababu hapo ndipo mti unapohitajika. Nitatoa mfano wa kweli. Guava ya Google ina klasi inaitwa Preconditions, na ndani yake kuna methodi ya checkArgument. Kuanzia toleo la 20, waliongeza aina mpya za hiyo methodi, zinazopokea kitu kimoja au viwili moja kwa moja. Kabla ya hapo kulikuwa na ile inayopokea orodha. Ukiandika kodi, zote zinafanana kabisa kwa macho. Mstari ule ule. Lakini ukikompaili na Guava 20 kwenda juu, kompaila inachagua ile mpya na kuandika jina lake ndani ya faili la klasi. Halafu programu inakimbizwa mahali ambapo kuna Guava ya zamani, kwa mfano Hadoop za laini ya 2 ambazo zilikuja na Guava 11, na mlipuko unatokea: methodi hakuna. Wewe unafungua kodi, unaiona methodi na macho yako mawili, unaapa kwa mama yako kwamba ipo. Ni kweli ipo, kwa toleo ulilokompaili nalo. Lililopanda gari ni lingine.

Hiyo Guava ya zamani iliingiaje? Hukuiandika kwenye pom. Iliazimwa na mtu uliyemwazima. Na hapa Maven na Gradle wana tabia tofauti, na kila mtu anayejiita koda wa Java anafaa kuzijua kama anavyojua namba yake ya simu.

Maven huchagua aliye karibu. Kama maktaba moja imeleta Guava 19 hatua mbili kutoka kwako, na nyingine imeleta Guava 32 hatua tatu kutoka kwako, Maven inachukua 19. Haijali ni ya zamani. Inahesabu hatua. Zikilingana, inachukua iliyotajwa kwanza kwenye pom. Ndiyo, mpangilio wa mistari yako unaweza kubadilisha programu. Gradle yenyewe, usipoiambia vingine, huchukua toleo la juu zaidi. Kwa hivyo kodi ile ile, dipendensi zile zile, inaweza kufa kwa Maven na kuishi kwa Gradle, au kinyume chake pale toleo jipya lilipoondoa kitu ambacho mwenzako bado anakihitaji.

Sasa amri ambayo ningependa ibandikwe juu ya kila grupu:

mvn dependency:tree

Inachora mti mzima: nani umemwita wewe, na yeye amekuja na nani. Ukitaka kuona wale waliopigwa chini kwa sababu ya ugomvi wa matoleo, ongeza -Dverbose. Ukitaka kufuata mmoja tu:

mvn dependency:tree -Dverbose -Dincludes=com.google.guava

Kwa Gradle:

./gradlew dependencyInsight --dependency guava --configuration runtimeClasspath

Hiyo ya Gradle ni tamu zaidi kwa sababu inakuambia pia kwa nini toleo hilo lilichaguliwa. Maandishi tu, na kwa kawaida KB chache kama inabidi ishushe kitu.

Ukishaona mkorofi ni nani, una njia tatu za heshima. Unaweza kutaja toleo unalotaka kwenye dependencyManagement, na Maven italifuata kila mahali kwenye mti. Unaweza kutumia BOM, ile orodha ya matoleo yaliyojaribiwa pamoja, ambayo Spring Boot inakuja nayo tayari. Au unaweza kumtenga mmoja kwa exclusion pale anapoingilia. Anza na mbili za kwanza. Exclusion ni kama kumfukuza mgeni wa mgeni wako: wakati mwingine lazima, lakini uwe na uhakika yule aliyekuja naye anaweza kukaa bila yeye.

Na tafadhali, kama unatumia Spring Boot, acha kubandika namba za toleo kwenye vitu ambavyo Spring Boot tayari inavisimamia. Naona hii kila wiki. Mtu ana starter-parent nzuri, halafu ametoa mahali fulani jackson-databind yenye namba ya miaka sita iliyopita akaibandika. Sasa jackson-core ni mpya, databind ni mzee, na wawili hao hawaelewani. Futa ile namba. Mstari mmoja. Hiyo ndiyo futa pekee nitakayokubariki nayo.

Hapo nageukia wenzangu wa kontenti. Tunajua namba za views zinavyolewesha. Lakini kumwaga pom ya mistari mia kwenye video, useme "wekeni hii tu, msijali", bila tarehe, bila kutaja toleo la Java, ni kuwauzia watu gari bila kuwaambia linatumia mafuta gani. Ona vile mambo yanavyobadilika:

Septemba 2018, Java 11 ilitoka bila JAXB ndani yake. Kila somo la zamani linalotumia javax.xml.bind linakufa hapo hadi uiongeze mwenyewe. Januari 2020, Maven Central iliacha kupokea http ya kawaida ikataka https, na pom za zamani zenye anwani ya http zikaanza kujibiwa 501. Februari 2021 ikatangazwa kwamba JCenter inafungwa, na nusu ya masomo ya Android yalikuwa yanaandika jcenter() mstari wa juu kabisa. Novemba 2022, Spring Boot 3 ilitoka ikitaka Java 17, na majina yote ya javax.persistence na javax.servlet yakawa jakarta. Mwanafunzi anachukua somo la 2019 na starter ya mwaka huu, anavichanganya, halafu anaambiwa yeye ndiye hajui kodi. Si ukweli. Alipewa ramani ya mji uliobadilisha majina ya barabara.

Na chatboti? Natumia, sijifanyi mtakatifu. Lakini chatboti limesoma mamilioni ya masomo hayo hayo yaliyochacha, na linaweza kukupa namba ya toleo ambalo halijawahi kuzaliwa, kwa ujasiri wa mwanasiasa. Ukiambiwa toleo, litafute Maven Central kwanza. Na ukiliuliza, libandikie mti wako pamoja na kosa. Bila mti na lenyewe linakuwa mganga tu, mwenye sarufi nzuri.

Kuna wale watasema, "Buda, hii yote ni mambo madogo. Bosi anataka ifanye kazi, basi." Sawa. Hebu turudi Desemba 2021.

Log4j ni maktaba ya Java ya kuandika logi. Kitu cha boring kabisa, haipigiwi makofi na mtu. Mwezi huo dunia ikajua kwamba matoleo yake ya laini ya 2, hadi 2.14.1, yalikuwa na tundu. Liliripotiwa mwezi uliotangulia na mtu wa usalama kutoka Alibaba Cloud, likapewa namba CVE-2021-44228, na watu wakaliita Log4Shell. Ukali wake ulipewa 10 juu ya 10. Ilivyofanya kazi ni rahisi kiasi cha kutisha: unaandika maneno fulani mahali popote ambapo seva itayaweka kwenye logi, kama jina la mtumiaji au kisanduku cha kutafuta, na seva inatoka kwenda kuchukua kodi ya mshambulizi na kuikimbiza. Kwenye Minecraft watu waliandika maneno hayo kwa chati tu. Chati ya gemu!

Marekebisho yakatoka, 2.15.0, halafu 2.16.0, halafu 2.17.0, halafu 2.17.1, yote kabla mwaka haujaisha, na wengi wa waliokuwa wakiyaandika walikuwa watu wa kujitolea. Sasa swali lililokuwa kwa kila ofisi duniani lilikuwa moja: sisi tunayo? Na wengi hawakuweza kujibu, kwa sababu hawakuwahi kuandika Log4j kwenye pom zao. Iliingia nyuma ya mgongo, imeazimwa na mtu aliyeazimwa. Anayejua kusoma mti alijibu kwa amri moja:

mvn dependency:tree -Dincludes=org.apache.logging.log4j

Asiyejua alifuta .m2 na kuomba.

Na kwa haki niseme, mti hauoni kila kitu. Kuna JAR zilizomeza maktaba nyingine tumboni, na mti utakuonyesha mnyama wa nje tu. Ukishuku hivyo, kimbiza programu na java -verbose:class, itakutajia kila klasi na faili ilikotoka. Ukiona klasi ya Guava inatoka kwenye JAR ambayo jina lake halina uhusiano na Guava, umempata Kevo wa pili amejificha ndani ya buti.

Fikiria sasa hapa nyumbani. Kuna watu wa rika letu wanaandika mifumo ya kupokea pesa za M-Pesa kwa maduka, mifumo ya chama, ya karo, ya zahanati mtaani. Pesa za mama mboga zinapita hapo. Je, aliyeandika anajua kilichomo ndani ya JAR anayoweka kwenye seva? Akiulizwa "mfumo wako unatumia nini", anaweza kujibu, au atasema "nilikopi mahali"? Hilo la "madogo" linaisha hapo. Ukiweka kitu kwenye klasipathi ya mtu, umeweka kwenye maisha yake.

Pingamizi lingine nalijua: "Hamia Python. Hamia JavaScript. Java ni ya wazee." Haya, hama. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi kinachoitwa left-pad kutoka npm, mistari 11 ya kodi, na bildi zikaanza kuanguka duniani kote. Python nao wana ugomvi wao wa matoleo, waulize. Kila lugha inayoazima ina deni. Ukihama bila kujifunza kusoma mti, umehama na shida yako kwa begi.

Na kuna masinia, hawa naongea nao kwa heshima lakini naongea. Mtu wa intanshipu anakuja na kosa, wewe unamwambia "hiyo ni Java, utazoea," halafu unachukua kibodi, unarekebisha kwa sekunde kumi na unarudi kwa simu yako. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba kuna watu wenye nguvu na yeye hana. Kesho atajenga grupu yake ya uganga na kuwaambia wadogo zake wafute .m2. Dakika tano za kumwonyesha mti zingeua huo mnyororo wote. Msiwafungie watu mlango halafu mkalie kulalamika kwamba vijana hawajui kitu.

Najua wengine watakuja kwa komenti na "uliacha chuo, utatufundisha nini." Njooni. Lakini mje na mti. Sheria ya ukurasa huu kuanzia leo: ukileta skrinshoti ya kosa bila mstari wa Caused by na bila mti, sijibu, na ninaomba wengine wasijibu hadi ulete. Tunafanya hivyo kwa upendo. Mwenye kukuonyesha pa kuangalia amekupa zaidi ya mwenye kukupa dawa.

Kwa hivyo kazi ya leo usiku ni hii. Chukua projekti yako moja, ile inayofanya kazi vizuri, isiyo na kosa lolote. Kimbiza mvn dependency:tree au ./gradlew dependencies. Tafuta jina moja ambalo hukuwahi kulijua. Fuatilia ni nani aliyelileta na kwa nini. Halafu andika hapa chini: jina, toleo, na aliyelialika. Admini wa magrupu, bandikeni hiyo amri juu kabisa, pale mlipokuwa mmebandika link ya kununua kozi.

Na mganga wa kwanza kuandika "futa .m2" kwa komenti atanunulia watu kumi bando.